Mbuzi Waliozaana Nisipoenda Nyumbani

Wenzangu wa kikundi cha akiba, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na naona wale wanaonijua wameanza kucheka. Mnajua mimi kwa maswali sina breki. Sawa, leo nitajibu badala ya kuuliza. Nitasema niliyofanya, hata yale ya aibu.

Kwetu ni Nuu, huko Mwingi. Nilisomea diploma ya mambo ya vyakula, ile kazi ya kupima kama kitu ni salama kuliwa. Nikapata kazi Nairobi, lakini si ya vyakula. Nilikuwa napokea simu za wateja wenye hasira katika kampuni ya mizigo. Mshahara ulikuwa wa kawaida tu, lakini nilivaa tai. Na ndugu zangu, nawaambia, huko kwetu tai ni kitu.

Desemba ya kwanza nikaenda nyumbani. Mnajua vile sisi huwa: mtu akitoka Nairobi hafiki mikono mitupu. Nilibeba unga wa ngano, mchele, mafuta, sukari, leso ya mama, leso za shangazi zangu, na mikate kumi na miwili ya majirani. Nauli yenyewe ilikuwa imepanda mara mbili, na mizigo nayo nikalipia. Mamangu, ambaye namwita mwaitu kama Wakamba wote, alinipokea kwa vigelegele, akachinja mbuzi. Majirani wakaja kumwona kijana wa Nairobi. Wakala, wakanywa soda, kila mmoja akaondoka na mkate kwapani. Haki, nilijisikia mtu!

Januari nikaishi kwa uji.

Nikaanza kujiuliza, hii pesa yangu huenda wapi? Nikachunguza kabisa. Niliacha chai ya kununua, nikawa natembea kwa miguu kutoka kazini, nikahamia chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Kila mwezi nikawa naweka kitu kidogo. Halafu Desemba ikaja, ikameza yote kwa siku tatu. Nikarudi Nairobi na mfuko mtupu vile vile.

Mwaka uliofuata rafiki niliyesoma naye chuo akanipigia simu. Akaniambia hapa Tawa kuna watu wanakausha maembe, wanatafuta mtu wa kupima ubora. Ndiyo kazi niliyosomea! Mshahara ulikuwa chini kidogo, lakini wacha niwaambie ukweli, si mshahara ulionizuia. Niliwaza tu, mtu akitoka mji mdogo kama Tawa kwenda Nuu, nani atatoka kwake kuja kumwona? Nikakataa. Cheka tu, mama, nakuona hapo mbele. Hata mimi sasa nacheka.

Desemba hiyo nikashindwa. Kodi ilikuwa imepanda na sikuwa na pesa ya shopingi. Nikampigia mwaitu nikamwambia kazi ni nyingi. Akanijibu, "Sawa mwanangu, sisi huku tuko sawa." Desemba nyingine nikasema hivyo hivyo. Tuliongea kwa simu kila Jumapili, lakini uso wake sikuuona kwa zaidi ya miaka miwili. Niliumia, nisiwadanganye. Lakini nilijiambia, nitaenda nikipata.

Halafu kuna kitu kikaanza kunisumbua. Nilikuwa nimemnunulia simu ya picha, na huwa namtumia picha zangu. Zamani angesema umenyoa vibaya, hiyo shati ipige pasi. Siku hizo alikuwa anasema tu, "Umependeza." Kila picha, umependeza. Mimi na udadisi wangu, Jumapili moja nikamtumia picha ya mbuzi. Mbuzi peke yake, amesimama barabarani. Nikapiga simu nikauliza, "Mwaitu, umeona picha?"

"Nimeona. Umependeza sana."

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia, nikaketi chini.

Jumanne nikaomba ruhusa kazini nikasafiri. Ulikuwa mwezi wa sita, katikati ya mwezi, wakati ambao hakuna anayesafiri. Nauli ilikuwa nusu ya ile ya Desemba, na nilichagua kiti nilichotaka. Nilipofika Mwingi nikasimama mbele ya duka la jumla, miguu ikakataa kupita. Nikanunua sukari kilo moja na majani ya chai, basi. Njia yote ya kuingia Nuu nilikuwa nikificha ile karatasi ya sukari ndani ya begi kama mtu aliyeiba.

Nilimkuta ameketi nje anachambua ndengu kwenye ungo, kwa vidole, uso umeangalia pembeni. Nikapiga hodi. Akauliza, "Ni nani?" Jamani, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Nikasema ni mimi. Akainuka, akanishika mabega, akanishika mikono, kisha akauliza kwa hofu, "Umefutwa kazi?"

"La, mwaitu. Nimekuja kukuona. Na sina kitu, nimeleta sukari kilo moja tu."

Halafu akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Akaniambia, "Wewe hujui vile umenisaidia! Ulikuwa ukija nauza mbuzi mmoja nipate mchele na soda za wageni wako, halafu nachinja mwingine. Desemba ikikaribia naomba Mungu usije. Ukisema huji, nalia."

Nikamuuliza mbuzi wako wangapi sasa. Walikuwa wamebaki watano Desemba yangu ya mwisho. Sasa walikuwa kumi na saba.

Yaani mnaelewa? Mimi Nairobi nakunywa uji ili nimpelekee mikate. Yeye Nuu anauza mbuzi ili mikate yangu ipokelewe kwa heshima. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mwenzake kama anaitaka hiyo sherehe!

Nikamuuliza, "Na macho?"

"Macho ni uzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja," akasema. "Na wewe ukija, unakuja na gharama."

Hapo nililia, na sioni aibu kuwaambia. Kesho yake nikafanya kile ninachojua kufanya, nikauliza. Nikauliza muuguzi wa zahanati, nikauliza mzee mmoja ambaye alikuwa amepasuliwa jicho. Nikaambiwa huenda ni mtoto wa jicho, na huondolewa. Daktari naye akasema ndiyo, tuanze na jicho moja. Tuliuza mbuzi wanne. Wale wale ambao wangeliwa na majirani wakinisifia tai.

Kisha nikampigia yule rafiki wa Tawa. Nafasi ilikuwa imechukuliwa kitambo. Niligoja miezi mitano, nikijua kosa ni langu, mpaka ikapatikana nyingine. Sasa mnanijua, mimi ndiye yule wa maembe. Kodi ya hapa hainitoi jasho, na Nuu naenda kila mwezi, katikati ya mwezi, na begi moja. Tunakula kilichopo. Kuna majirani waliacha kuja kunisalimia, na wengine wanaendelea kuja.

Namshukuru yule rafiki, maana mara ya pili alipokea simu yangu bila kunisimanga. Namshukuru jirani aliyekuwa akimshika mwaitu mkono kwenda kanisani muda huo wote nikidhani yuko sawa. Na nyinyi wa kikundi, mlinipokea hapa nikiwa na akiba ya kuchekesha, mkaihesabu bila kucheka. Asanteni sana.

Mtu asitoke hapa aseme nimekataza zawadi. Peleka. Lakini kabla ya kujibana mwaka mzima, piga simu uulize wanahitaji nini, na ukiambiwa "tuko sawa", nenda ukaone mwenyewe, hata kama una nauli tu.

Siku mwaitu alipofunguliwa bandeji hospitalini, nilivaa shati langu zuri, nikakaa mbele yake nikitabasamu. Mwaitu akanitazama muda mrefu na lile jicho moja. Akanigusa shavu, akasema, "Umekonda hivi, na kila Jumapili unaniambia uko sawa."

Nikamwambia, "Na wewe pia uliniambia hivyo, mwaitu."

Akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka tulipofika nyumbani.