Belti Niliyosema Nimeikagua

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Uriri! Naona wa nyuma hamjaitikia vizuri. Asifiwe tena! Asanteni.

Mnanijua. Mimi ni Ouma, shemasi wenu, yule wa maombi marefu. Ushuhuda wa mnara nimeutoa hapa mara mbili, na mara zote mlilia na kupiga vigelegele. Leo nautoa mara ya tatu, kwa sababu zile mbili niliukata katikati.

Kazi yangu ni minara ya redio. Zahanati nyingi za ufuoni, kuanzia Mbita hadi Sori, hazina simu. Muuguzi akizidiwa na mgonjwa huita gari kwa redio, na sauti yake hupitia mnara wetu ulio kilimani juu ya Homa Bay. Mnara ukinyamaza, mama anaweza kufia uzazi na gari liko hospitalini limeegeshwa. Kwa hiyo sisi hupanda, tukakaza nati, tukapaka grisi, tukakwangua kutu. Mwenzangu wa kupanda ni Mwita, Mkuria anayeishi Migori mjini, baba wa watoto wanne. Yeye hajui Kijaluo, mimi sijui Kikuria, basi miaka sita tumetaniana kwa Kiswahili.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukagua vifaa kila Jumatatu. Sasa sikilizeni nilivyokagua. Naweka mkono juu ya sanduku, nafumba macho, naomba ulinzi wa Bwana, halafu nachukua daftari naandika "sawa". Sanduku lenyewe sikulifungua! Na nilijiona mtu wa imani. Mwita hakupanda kabla ya kuvuta kila mshono wa belti yake, na mimi nilimcheka, nikamwambia imani yake haba.

"Imani ninayo, Pasta," alinijibu siku moja, maana huniita hivyo kwa utani. "Ni hii belti sijui kama imeokoka."

Asubuhi moja mnara ukanyamaza. Tulifika kilimani tukamkuta muuguzi amekuja mwenyewe kutoka Mbita, ana wasiwasi, anauliza redio itarudi saa ngapi. Belti ya Mwita ilikuwa karakanani, maana aliona uzi mmoja umelegea akaipeleka ikashonwe. Ndani ya kibanda cha mitambo kulikuwa na belti ya akiba, imetundikwa kwenye msumari juu ya betri. Nikamletea. Akaanza kuivuta mshono kwa mshono kama kawaida yake. Muuguzi anatazama, dereva aliyetuleta anatazama, na mimi nikaona ananiaibisha.

"Wacha hiyo, omera, ndugu yangu," nikamwambia. "Nimeikagua mwenyewe Jumatatu."

Uongo mtupu, ndugu zangu, na umetoka kinywani mwa shemasi! Mwita akanitazama, akaifunga kiunoni. Alikubali kwa heshima yangu tu.

Wakati wa kupanda, mtu hutumia mikono na miguu. Belti haibebi kitu mpaka afike juu, aizungushe kwenye chuma, kisha aegemee nyuma na kuachia mikono yote miwili apate kufanya kazi. Mwita alipanda. Mimi nikaingia kibandani kuchukua koti langu, maana upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Koti hilo nililisahau kwenye msumari ule ule mwezi mzima. Nilipolivuta, mkono wa koti ulibaki mkononi mwangu. Uliachia tu, kama mkate uliolowa chai. Nikatazama msumari, nikatazama betri chini yake. Betri zikichajiwa huchemka, na mvuke wake una asidi inayoozesha nguo. Belti ile ilikaa pale muda mrefu kuliko koti langu.

Nikatoka mbio. Mwita ameshafika juu, anaizungusha belti! Nikapiga kelele, upepo ukazichukua. Nikashika spana nikagonga mguu wa mnara mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Kwetu mafundi mapigo matatu maana yake kumbatia chuma, usiachie. Chuma hufikisha sauti hata upepo ukikataa. Mwita akakumbatia.

Lakini hakujua hatari ni nini. Angedhani ni upepo, ukitulia aegemee. Ilibidi nimfuate. Na pale, rafiki yangu akiwa juu amekumbatia chuma, nilikagua belti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, mshono kwa mshono, huku machozi yananitoka. Niliogopa sana. Nikapanda na kamba, nikamfunga kifuani, nikaifunga kamba kwenye chuma. Ndipo nikamwambia, "Sikuikagua. Nilikudanganya."

"Tushuke kwanza, Pasta. Hayo mengine tutaongea chini."

Chini aliishika belti ile kwa mikono miwili, akaivuta. Ikakatika. Hakutumia hata nguvu. Nilipiga magoti nianze kuomba, akanishika bega.

"Usiombe sasa. Nenda ufungue sanduku."

Nikalifungua. Tulikagua kila kitu, kamba na ndoano na misumari, na betri tukazitenga mbali. Baadaye nilipanda mimi, na kabla ya jioni muuguzi alisikia sauti ya Mbita kwenye redio.

Ndugu zangu, mara zile mbili niliwaambia kwamba Roho alinisemesha nikiwa kibandani. Ni kweli, alinisemesha! Lakini sikuwaambia kwa nini ilimbidi. Mkampa Mungu sifa, na mimi nikachukua yangu kidogo. Mwita hajamweleza mtu mpaka leo, hata nyumbani kwake.

Namshukuru Mungu aliyemhifadhi Mwita, na akanifungua mimi kutoka kwa imani ya uvivu. Kama kuna jambo umemficha ndugu yako ukalifunika kwa maombi, mwamini Bwana, uliseme. Hakuniacha kule juu, hatakuacha wewe.

Mimi naanza. Mwita amekuja leo, yuko karibu na mlango, na amekuja na mkewe. Mama Chacha, hii sehemu mumeo hakukuambia. Mimi ndiye niliyempa belti iliyooza, nikasema nimeikagua. Ungekuwa mjane kwa sababu yangu. Nisamehe, mama. Sitaketi mpaka unijibu.