Mwalimu Nchagwa na Jiwe Namba Kumi na Nne

Mchungaji, wazee wetu wa Ringwani, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi ndugu zetu wa Nyamongo mliofika hapa na vumbi la barabara nzima, wakubwa shikamooni, na wengine poleni na msiba. Familia imempa Vincent Mniko, mtoto wa mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Mwalimu Anold Nchagwa Werema, na kwa agizo la marehemu mwenyewe, msomaji akifika mahali panapomhusu atajitaja kwa jina, kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, asijifiche nyuma ya karatasi.

Mwalimu Nchagwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954 hapa hapa Ringwani, akiwa wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Werema Nyangwine na Mama Robi, wote wameshatangulia mbele ya haki. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake, akirudi jioni mifuko ya kaptula imetoboka kwa mawe, na siku moja ng'ombe wawili waliingia kwenye mtama wa jirani wakati yeye amekaa anapasua jiwe aone ndani lina nini. Kipigo cha siku ile alikisimulia hadi uzeeni, ila hakuna dalili kwamba kilimfundisha chochote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, sekondari mjini Musoma kuanzia 1970 hadi 1973, kidato cha tano na cha sita mjini Mwanza, akapita Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1976, na mwishoni mwa 1978 akahitimu diploma ya ualimu wa sayansi. Aliajiriwa tarehe 15 Januari 1979, akafundisha Maswa kwa miaka saba, na mwaka 1986 akahamia shule moja ya sekondari wilayani Tarime, ambayo aliomba isitajwe leo, akisema kosa litakalosomwa hapa ni lake na si la shule. Huko alifundisha fizikia na kemia hadi alipostaafu tarehe 9 Agosti 2014 na kurudi nyumbani Ringwani. Hakuwa mtu wa fimbo, adhabu yake ilikuwa maneno matatu, "Mura, pima tena," na hilo neno mura, ambalo kwa Kikurya ni la kumwita kijana wa kiume, aliwaita hata wasichana, nao wakalizoea, wengine wakawa wanaitikia kwa jina hilo hadi sokoni.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Scholastica Gati, baada ya ng'ombe kufika ukweni kama inavyotakiwa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Veronika, Daudi na Nyangwine, na wajukuu saba. Mama Scholastica anaomba isomwe pia kwamba katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa hakuwahi kukuta sufuria yake ndogo mahali alipoiacha, kwa sababu kila mara ilikuwa na jiwe ndani.

Sasa tunafika kwenye jiwe lenyewe. Mwaka 1991 mchimbaji mdogo kutoka Nyamongo alimletea Mwalimu jiwe dogo kuliko yai la kuku lakini zito ajabu, jeupe kama bati jipya, lenye kung'aa kichuma na kukatika kwa pembe mraba kama visanduku, akauliza kama ni fedha. Mwalimu aliligeuza mara mbili, akamwambia ni galena, yaani mawe yanayotoa madini ya risasi, halina faida kwake, na yule ndugu akaondoka kwa hasira na jiwe akaliacha juu ya meza. Mwalimu akalitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, akabandika karatasi kwa mkono wake, "Namba 14, GALENA," akaliweka kabatini, na likakaa humo miaka kumi na miwili, kila kidato kikija kinalisoma hivyo.

Alhamisi tarehe 17 Julai 2003 kidato cha nne kilifanya mtihani wa vitendo wa shule, na mwaka ule kulikuwa na wafadhili waliokuwa tayari kumsomesha mwanafunzi mmoja tu wa sayansi kidato cha tano na cha sita, yule ambaye angeongoza mtihani huo. Swali la tano lilikuwa na alama tatu, lilitaka mwanafunzi apime densiti ya jiwe namba kumi na nne, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule, kisha aseme ni madini gani. Kazi yenyewe ni nyepesi, unalining'iniza jiwe kwenye mizani hewani, unalining'iniza tena likiwa ndani ya maji, unaangalia limepungua kiasi gani, unagawanya uzito wa hewani kwa upungufu huo.

Wanafunzi thelathini na wanane waliandika saba nukta tano, galena. Mmoja peke yake, Felistas Akello, binti wa Mzee Okal aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli Nyamongo, aliandika kwamba jiwe lina gramu 244 hewani na 214 majini, densiti yake ni nane nukta moja, na kwa hiyo si galena, ni kitu kingine kinachofanana nayo. Mwalimu alimwekea alama nyekundu ya kosa, akaandika pembeni, "Mapovu. Pima tena," akiwa na maana kwamba mapovu ya hewa yameshika jiwe na kumharibia kipimo. Akello akapata arobaini na nne kwa hamsini, na aliyeongoza, kwa alama arobaini na sita, alikuwa Vincent Mniko.

Vincent akasomeshwa, akafika chuo kikuu, leo ni mtaalamu wa miamba katika mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa. Akello alirudi Nyamongo kwa sababu uwezo wa nyumbani ulikuwa umeishia pale, na leo ana karasha yake, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na wachimbaji wanasema anajua jiwe kwa kulishika tu. Wapo waliosema wakati ule kwamba Mwalimu amembeba mtoto wa ndugu yake, naye aliwajibu kwa kuwafungulia kitabu mahali palipoandikwa galena, saba nukta tano, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka 2011 mchwa waliingia kwenye kabati la maabara, na Mwalimu alipokuwa akitoa vitu ili lichomwe, alikuta karatasi za mtihani ule zimefungwa kamba. Aliisoma ya Akello akiwa amesimama, akafika kwenye maandishi yake mwenyewe mekundu, ndipo akaketi. Mapovu yanalibeba jiwe juu, yanalifanya lionekane jepesi majini na densiti yake ishuke, hayawezi kuipandisha, na hilo ni jambo ambalo mwalimu wa fizikia hakupaswa kukumbushwa na mchwa. Akalipima jiwe siku ileile mara tatu, likampa nane nukta moja mara zote tatu. Halafu akazigeuza zile karatasi nyingine thelathini na nane, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo kosa lilipokuwa kubwa kuliko alivyodhani, kwa maana jiwe lile halijawahi kumpa mtu yeyote saba nukta tano, wala haliwezi. Wale wote waliopata alama tatu hawakupima, waliandika kilichoko kitabuni na kwenye kopo, na aliyepima ndiye aliyekosa.

Tangu hapo Mwalimu hakutulia. Galena ni risasi na salfa, na ukiidondoshea asidi ya moto inatoa harufu ya mayai viza, kipimo ambacho angeweza kukifanya mwaka 1991 kwa dakika tano, kwa sababu asidi ilikuwepo stoo. Alikifanya jikoni kwake akitumia kipande kidogo, akamwita Mama Scholastica anuse, naye akamjibu, "Baba Veronika, mimi nasikia harufu ya mboga yangu inaungua, hiyo ya mayai labda uende kwa jirani." Alijaribu ugumu, akakuta jiwe ni gumu kidogo kupita galena, akalipasua na kuona uso mpya una umanjano wa mbali, akayaandika yote daftarini pamoja na tarehe. Mwaka 2015 maabara moja ilimjibu kwa mstari mmoja kwamba ni galena, na alipolipokea jiwe lake akakuta halijakwanguliwa hata mahali pamoja, walikuwa wamelitazama tu kama alivyolitazama yeye. Familia ilimwambia aachane nalo, akasema hawezi kuwalaumu watu kwa ugonjwa aliowatangulia kuugua.

Mwaka 2022 alipeleka kipande kwa mwanafunzi wake wa zamani aliyeko chuo kikuu, na tarehe 23 Septemba 2024 majibu yakaja, safari hii wamepima. Jiwe namba kumi na nne linaitwa altaiti, ni risasi iliyoungana na teluri, jamaa yake salfa, badala ya salfa yenyewe, ni madini adimu, huonekana mara chache karibu na dhahabu, ugumu wake unakaribia tatu, densiti yake ni zaidi kidogo ya nane. Wataalamu huliweka katika kundi moja na galena kwa kuwa fuwele zao zimepangika kwa namna moja, hata kukatika yanakatika sawa, na ndiyo sababu jicho hudanganyika na mizani haidanganyiki.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakumwendea Akello mapema, tangu 2011. Yeye alisema hakutaka kwenda na jibu nusu, lakini familia haitampamba hapa, aliona aibu, na aliwahi kukiri hivyo kwa mke wake. Majibu yalipofika hakuwa na pa kujificha, na tarehe 12 Oktoba 2024, akiwa tayari anavimba miguu, alipanda bodaboda kutoka Ringwani hadi Nyamongo na kopo lake mfukoni. Akello hakuwepo, alikuwa amevuka mpaka kwenda Migori kwenye msiba wa shangazi yake, hivyo Mwalimu akaacha namba ya simu pale kwenye karasha. Jana Akello alipofika hapa kuhani alisema mwenyewe kwamba hakupiga, kwa kuwa alidhani Mwalimu amekuja na kadi ya mchango wa harusi, na akalia sana.

Mwalimu alikuwa akisumbuliwa na presha tangu 2019, na baadaye figo. Tarehe 2 Februari 2025 hali ilibadilika, akapelekwa hospitali Mugumu na kulazwa. Tarehe 6 Vincent alifika kumwona, na Mwalimu, baada ya kuuliza hali ya watoto na ya kazi, akamuuliza swali moja ambalo hakuwahi kumuuliza kwa miaka ishirini na moja, siku ile, jiwe namba kumi na nne, ulipima? Vincent hakupima. Foleni ya mizani ilikuwa ndefu, kitabu alikuwa amekikariri, aliandika saba nukta tano akaenda kukaa, na hajawahi kumwambia mtu hadi alipomwambia baba yake mkubwa pale kitandani. Mwalimu hakumgombeza, alisema tu, "Basi siku ya kunizika utasoma wewe." Jumanne tarehe 11 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mwalimu Nchagwa alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini, miezi sita na siku mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mugumu waliomhudumia kwa upole na kuvumilia maswali yake kuhusu kila chupa waliyomtundikia, majirani wa Ringwani walioleta maji, kuni na mahema bila kuombwa, walimu wenzake wa Tarime na Maswa, kwaya, wachimba kaburi, na waendesha bodaboda waliobeba wageni tangu juzi. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni asante yetu.

Kama ilivyo desturi, anayemdai marehemu, na anayedaiwa naye, aonane na familia kabla ya watu kutawanyika. Lakini liko deni moja ambalo Mwalimu alitaka lilipwe hadharani, kwa sababu lilichukuliwa hadharani, na tunaomba Felistas Akello Okal asogee mbele. Karatasi yako hii hapa, ameisahihisha upya kwa kalamu ya kijani, swali la tano alama tatu kwa tatu, jumla arobaini na saba. Karatasi ya Vincent nayo imesahihishwa upya, jumla arobaini na tatu, na Vincent anakubali mbele yenu nyote kwamba nafasi ile ilikuwa ya Akello. Hakuna anayeweza kukurudishia miaka, Mwalimu alilijua hilo, alisema usidanganywe kwamba hii ni fidia.

Na kopo hili ni lako pia. Karatasi ya zamani ameibandua, ameandika nyingine kwa mkono wake, inasomeka hivi, "Namba 14, ALTAITI. Aliyepima kwanza, Felistas Akello Okal, 17 Julai 2003." Na chini yake, kwa herufi ndogo, "Mura, ulipima vizuri."

Mwalimu, limesomwa kama ulivyoagiza na halikupunguzwa neno. Pumzika kwa amani.