Kyalo na Albamu Kumi na Moja za Ngurumo

Baada ya miaka thelathini na nne katika afisi yetu ya Shimanzi, Bw. Josphat Kyalo, karani mkuu wa hati za mizigo, anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Mimi, Mwanakhamis, nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana nikaombwa niandike wasifu huu. Wengine walioombwa walikataa, kwani bado wana kinyongo naye.

Aliajiriwa mwaka 1991 kupanga mafaili. Aliyapanga wiki mbili. Kisha akabandika kwenye ubao wa matangazo orodha ya albamu za Ngurumo, bendi ya roki iliyowahi kutikisa kumbi za kisiwa hiki: saba za kundi, nne za wanamuziki waliojitenga wakatoa zao. Zote alizipanga, kuanzia bora hadi mbovu.

Orodha hiyo imewaona mameneja watano wakija na kuondoka. Mfanyakazi mpya alionyeshwa mlango wa dharura, kisha orodha, na ole wake akicheka. Mwaka 2008 Kyalo aliipandisha albamu ya tano hadi ya nne, na ubishi ukapamba moto hata kontena la vigae lililotakiwa kwenda Nyali likapelekwa Kampala. Bw. Oloo wa usafirishaji alikasirika mno, si kwa vigae, kwa albamu. Hakumsalimia Kyalo miezi minane. Uongozi uliunda kamati ya maridhiano ya watu saba, wasiokuwa na kaseti hata moja.

Mwaka 2016 alikuja mteja mpya mwenye makontena ishirini ya majokofu. Alikuwa Kamaludin, aliyekuwa mpiga ngoma wa Ngurumo. Albamu yake, Fimbo Zangu, ilikuwa ya kumi na moja. Meneja wetu, Bw. Athmani, alimnong'oneza Kyalo aipandishe hadi ya tatu upesi, la sivyo atafute kazi kwingine. Kyalo alikuwa na watoto watatu shuleni. Alisimama kando ya ubao, asiguse kitu.

“Nani kaandika haya?” Kamaludin akauliza.

“Ni mimi, mzee.”

“Uliisikiliza?”

“Mara arubaini.”

Akamweleza yote. Wimbo wa pili, ngoma zinamkata mwimbaji kauli. Wa sita ni dakika tisa zisizo na sababu. Lakini katika wa nane kuna mahali fimbo zinanyamaza, pumzi ya mpigaji inasikika, na hapo ndipo Kyalo alipoweza kulia baada ya kumzika mamake.

Kamaludin akavuta kiti. Alisema hata mkewe hajawahi kufika wimbo wa nane. Akataka karatasi ibaki ilivyo, akatia sahihi mkataba. Wiki iliyofuata, Bw. Athmani alitangaza kwamba ukweli umekuwa sera ya kampuni tangu kuasisiwa.

Meza ya Kyalo inachukuliwa na Bi. Jannat, ambaye amezisikiliza zote kumi na moja na anasema ya kwanza haistahili kuwa ya kwanza. Kyalo alipopata habari aliandika barua ya kuomba aongezewe miezi mitatu kazini. Ombi limekataliwa.

Ahsante sana, Mzee Kyalo. Twakuombea afya, raha na usingizi mnono. Ukija kututembelea, karibu chai, ila ubaoni usisogee.