Adélaïde, Aliyeshona Mabawa ya Ndege

Padri wetu, Hajji Sowedi na watu wa nyumba yako, majirani wa Kashojwa na wa Juru, na ninyi mliotoka Mbarara na Endiinzi mkaacha shughuli zenu ili mje mtusindikizie dada yetu, mimi ni Rénovat, mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenichagua nisimame hapa niwaeleze Adélaïde Ntirampeba alikuwa nani, alitoka wapi na alifanya nini katika miaka yake hamsini na mitatu, na pale sauti itakaponikatika naomba mnivumilie.

Adélaïde alizaliwa tarehe 14 Aprili 1972 katika kilima cha Gatete, komine ya Busoni, mkoa wa Kirundo, kaskazini mwa Burundi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bonaventure na Mama Marcienne, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1986, kisha akaingia shule ya ushonaji ya masista mjini Kirundo na kumaliza mwaka 1989. Nyumbani tunakumbuka kwamba tangu utoto alikuwa na tabia ya kufumua nguo ili aone zimeshonwaje, alifumua hata gauni lake la komunyo ya kwanza, akachapwa, na siku ya pili alikuwa amelishona upya likamkaa vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka 1990 alikwenda Bujumbura kwa shangazi yetu aliyekuwa na karakana ya kushona mtaani Buyenzi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili hiki alichokuwa akikisema hadi mnamdhania mtoto wa mjini, na ndiko alikozoea kazi ngumu ya viti vya magari na maturubai ya malori, kazi ambayo wanawake wengine waliikimbia kwa sababu sindano yake inachubua vidole. Tarehe 26 Agosti 1995 alifunga ndoa takatifu na Libère, dereva wa lori aliyeleta turubai lake lishonwe akaendelea kulileta hata likiwa zima, na Mungu akawajalia watoto watatu, Claude aliyezaliwa mwaka 1997, Clémence wa mwaka 2000, na Doriane wa mwaka 2004, pamoja na wajukuu wawili mnaowaona hapa mbele.

Mwezi wa saba mwaka 2015 familia yake, nami nikiwa pamoja nao, tuliikimbia Burundi tukafika kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, tukapewa kiwanja hapa Kashojwa na fasi ya kulima kule Juru, Libère akashika jembe na kupanda maharage, na Adélaïde, baada ya mwaka mmoja wa kuomba cherehani za watu, akapata yake mwenyewe na kufungua kibanda cha kushona maturubai ya wafanyabiashara. Hayo yangetosha kuwa maisha ya heshima, lakini wengi wenu mmekuja leo kwa sababu ya ndege, kwa hiyo naomba niieleze ndege hiyo kama alivyokuwa akiieleza mwenyewe.

Hajji Sowedi, ambaye malori yake mnayajua, alikuwa na ndege ndogo ya viti viwili, ya zamani, ambayo mabawa yake si ya bati, ni mbavu nyembamba zilizovikwa kitambaa kilichokazwa kwa dawa maalumu, naye alikuwa akiirusha mwenyewe kutoka uwanja wa Nyakisharara kule Mbarara hadi kwenye ng'ombe zake Endiinzi. Mwezi wa tatu mwaka 2019 mvua ya mawe iliikuta imeegeshwa Endiinzi nje, ikachanachana mabawa yote mawili, ikabidi irudishwe Mbarara juu ya lori, na Hajji, ambaye Adélaïde alikuwa akimshonea maturubai, akaja Kashojwa na kipande cha kitambaa mkononi.

“Nyabo, mama yangu, hii unaweza kushona?” akauliza.

“Ni turubai ya nini hii, Hajji? Mbona nyepesi hivi?”

“Si turubai. Ni bawa ya ndege.”

Adélaïde alicheka, kisha akaona Hajji hacheki, akafunga kibanda siku hiyo hiyo akaenda Mbarara kuiona. Jioni Libère alikataa kabisa, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu nilikuwepo.

“Mama Doriane, ukikosea kwenye lori, mzigo unalowa. Ukikosea kwenye ndege, mtu anakufa. Utaweza kulala?”

“Ndiyo sababu nimemwambia Hajji sishoni kitu mpaka nifundishwe,” akajibu. “Fundi mwenyewe akisema siwezi, narudi kwenye maturubai yangu.”

Fundi huyo ni Bwana Kabera, aliyepo hapa, mwenye leseni ya ndege na mwenye kutia sahihi kila kilichofanywa, naye alimwekea kipande cha bawa la zamani ajifunzie, akawa kila akimaliza Kabera anakivuta kwa mikono yake yote miwili, kisha anakikata chote na kumwambia aanze tena, na kwa majuma mengi Adélaïde alirudi Kashojwa akiwa amekatiwa kazi yake yote bila kukasirika, mpaka siku Kabera alipovuta, akavuta tena, akaweka mkasi chini.

Kitambaa cha bawa hushonwa bawa likiwa limesimamishwa wima, mtu mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, sindano ndefu ikipita katikati na kurudishwa, ikizunguka kila ubavu na kufungwa fundo, na kijana aliyeajiriwa kusimama upande wa pili alipoacha kazi, aliyechukua nafasi yake ni Libère, yule yule aliyekuwa amekataa. Shemeji yangu ameniruhusu niseme hili. Tangu tulipokimbia, yeye na mkewe walikuwa wameishi kwa kuzungumza habari za maji, kuni na chakula tu, lakini pale, kitambaa kikiwa katikati yao na hakuna aliyeuona uso wa mwenzake, walianza kuzungumza juu ya nyumba waliyoiacha Bujumbura, juu ya lori lililochomwa, juu ya kaka yake Libère ambaye hatujui alizikwa wapi, na Libère anasema kuna siku sindano ilichelewa kurudi, akajua mkewe analia, akangoja, na ilipokuja akairudisha bila kuuliza kitu. Korona ilipofunga njia mwaka 2020 kazi ilisimama miezi mingi, na wote wawili waliuona muda huo kuwa mrefu mno.

Tarehe 23 Januari 2021 Jamirah, binti wa Hajji aliyesomea urubani, aliirusha ndege ile kwa majaribio akiwa peke yake, kama sheria inavyotaka, na Adélaïde alishindwa kutazama, akasimama ndani ya banda la ndege akiwa amegeukia ukuta na rozari mkononi, mpaka Libère alipomshika bega akamwambia, “Geuka, Mama Doriane. Iko juu. Njoo uone.”

Lakini mwaka ule ule daktari alimkataza Hajji kurusha ndege kwa sababu ya moyo, naye kwa uchungu akatafuta mnunuzi, akampata, na Adélaïde aliposikia aliomba jambo moja tu, apandishwe mara moja kabla haijaondoka. Jamirah alimpandisha, wakapita juu ya milima ya Isingiro, Adélaïde amefumba macho anasali, mpaka Jamirah akampigia kelele kwenye vifaa vya masikioni, “Mama, fungua macho, ile si Juru?” na alipofungua aliliona ziwa la Nakivale lote kwa mara moja, akayaona mashamba ya Juru, akalitambua la kwao kwa umbo lake, na akatuambia baadaye kwamba kwa miaka sita alikuwa akijiona ametupwa fasi isiyo na mwanzo wala mwisho, na siku ile aliona kumbe ni nchi, ina sura, na yeye anaishi ndani yake. Waliposhuka alimwendea Hajji moja kwa moja.

“Hajji, usiuze yote. Niuzie kipande.”

“Kipande gani?”

“Chochote. Hata mkia.”

“Banange! Mkia peke yake utafanyia nini?”

“Nitautunza. Na wewe utakuwa unakuja kuuona.”

Hajji alicheka mpaka akakaa chini, na nadhani ndani ya kicheko kile kulikuwa na mambo mengine, maana hakuiuza tena. Malipo ya kushona ambayo Adélaïde alikuwa bado anamdai yakageuzwa kuwa sehemu yake, Kabera na Jamirah nao wakaingia, wakawa wamiliki wanne, kila mtu akichangia mafuta, ukaguzi wa kila mwaka na nafasi ya kuiegesha, na tangu siku hiyo Hajji hakumwita dada yetu jina lingine ila Mwenye Mkia. Alijifunza kuosha plagi za injini, kubadilisha oili, kukagua matairi na nyaya za usukani, na alikuwa wa kwanza kusema kwamba injini ile imechoka, inapanda kwa taabu kutoka Endiinzi jua likiwa kali, na kwamba badala ya kuipaka rangi mpya ili ipendeze, waanze kukusanyia injini yenye nguvu zaidi na redio inayosikika.

Mwezi wa pili mwaka 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji na kuanza dawa Mbarara, na kati ya tiba moja na nyingine, alipopata nguvu, alikuwa akipelekwa uwanjani akaketi kwenye kiti akimwelekeza Doriane, kwa sababu kitambaa cha mkia kilifikia wakati wa kubadilishwa, naye alikuwa mkali kwa binti yake kama Kabera alivyokuwa kwake, akivuta, akikata, akisema, “Tena.” Injini mpya ilifika mwanzoni mwa mwaka 2025, ikafungwa pamoja na redio, na mwezi wa tano, baada ya majaribio kupita, Adélaïde alipanda kwa mara ya pili hadi Endiinzi, macho wazi safari nzima, wachungaji wakiwa wamemwondolea ng'ombe kwenye njia, akanywa maziwa yao, akarudi akisema injini hii haiombewi rozari.

Baada ya hapo ugonjwa ulirudi kwenye mapafu, akalazwa tena, na asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2025, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake mmoja kwa Libère na mwingine kwa Clémence, alitutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara, Padri aliyemfikia kila juma, Mama Kulusumu, mke wa Hajji, aliyempa chumba na chakula katika miezi yote ya matibabu, majirani wa Kashojwa mliolima shamba la Juru Libère alipokuwa hospitalini, wachungaji wa Endiinzi, na wenzake wamiliki wa ndege, ambao hawakumwacha hata siku moja.

Mwisho natangaza kwa idhini ya Libère, Claude na Clémence, kwamba sehemu ya marehemu katika ndege inarithiwa na Doriane, ambaye mwezi wa kwanza anaingia chuo cha anga huko Soroti kusomea ufundi wa ndege, na jana Hajji aliponiuliza kama binti huyu naye tumwite Mwenye Mkia, Doriane alijibu mwenyewe kwamba hapana, yeye anakwenda kusomea ndege nzima.

Dada Adélaïde, umefanya kazi ya kutosha, sasa keti, Mungu akupumzishe kwa amani.