Bajaji ya Umeme na Mlima wa Wingwi

"Wallahi Bi, nchi hii itaachana na mafuta," Mzee Jaribu alimwambia Bi Ummkulthum ndani ya bajaji mpya ya umeme, mimi nimebanwa kati yao. Bi alikuwa anawahi kuuza mapolo yake, magunia ya karafuu, mvua isije ikayatotesha. "Mlima huu haupandwi kwa betri ya tochi, mzee wangu," akamjibu.

Chini ya mlima dereva Hafiz akasimama, ng'ombe apite. Bajaji kimya, haina hata mngurumo. "Ishazima! Tushukeni tusukume!" Bi akapiga kelele. Tukashuka sote, mimi wa kwanza. Petroli ndivyo ilivyotuzoesha.

Ng'ombe akapita, Hafiz akaondoa bila kugeuka nyuma, bajaji ikapaa na mapolo, sisi tumebaki. Mzee Jaribu akapiga makofi: "Taifa hilooo, linapanda!"

"Na karafuu zangu!" Bi kakunja baibui, anakimbia huku anacheka.

Bajaji ikasimama kileleni. "Umeliona taifa, Bi?" Mzee Jaribu akamuuliza.

"Nimeliona, limefika. Wananchi ndo tunakuja kwa miguu."