Jiliwa la Mzee Mwinshehe Mkude

Ifikapo tarehe 30 Juni 1977, Mzee Mwinshehe Mkude atakuwa ameitumikia karakana yetu ya Kilosa kwa miaka ishirini na sita. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye mwanzo na mwisho wa kazi za waja wake. Sisi twaandika yale tuliyojaliwa kuyaona.

Aliingia kazini mwaka 1951, akafundishwa kuchonga mifano ya mbao. Mfano ni umbo kamili la kifaa kinachotakiwa: hukandamizwa katika mchanga, ukatolewa, na chuma kilichoyeyuka kikamiminwa pale ulipokaa. Mwaka ule wa Uhuru, gurudumu la pampu ya kisima cha Msowero lilianzia mikononi mwake. Mfugaji mmoja, Ngoitiko, alikuja na kibuyu cha maziwa kutoa shukrani. Alipoonyeshwa ule mfano wa mninga aliugeuzageuza, akauliza, "Kwa hiyo mama wa chuma hiki ni mti?" Tangu siku hiyo karakana nzima ilimwita Mzee Mkude "Mkunga", naye aliitika.

Furaha hizo zilififia pale mafuriko ya mto Mkondoa yalipoichukua meza yake pamoja na jiliwa, kile kibano cha mezani chenye taya mbili kilichoshika kazi zake. Mwaka 1970, karakana ikiwa sasa yetu sote kwa siasa ya Ujamaa, tuliruhusiwa kununua jiliwa moja. Mzee Mkude aliomba la wachonga mifano: taya zake ni laini, nazo hugeuka na kulala upande wowote, zikashika mti uliopinda bila kuujeruhi.

Kamati ya wafanyakazi ilifuatana naye hadi dukani Morogoro. Mwenyekiti, Ndugu Theodory, alilitikisa lile jiliwa, akasema, "Mzee, hili limelegea hata kabla ya kuajiriwa. Linacheza kama jino la mtoto." Wakacheka. Kando yake lilikuwapo la wafua chuma, zito, lenye taya za meno. Mikono ikanyooshwa palepale dukani, yote kwa lile zito. Mzee Mkude naye alinyoosha wake, kwa kuwa aliona si adabu mtu kushindana na jamaa zake.

Jiliwa lile liliuma mbao, na kila alama ya jino ilizaliwa upya katika chuma. Basi Mzee Mkude alitandika gunia sakafuni, akawa anabana kazi kwa magoti na nyayo, kama tulivyopakata ubao wa kuandikia utotoni, katika chuo cha Kurani. Kazi yake haikuharibika. Lakini mtu aliyejikunja juu ya kazi huonekana mgongo tu, mikono haionekani. Gabrieli wa Zombo aliletwa ajifunze, na baada yake Paulina wa Masanze. Walisimama nyuma yake miezi mingi, kisha kila mmoja akaomba kuhamishwa. Hatukuletewa mwingine.

Mwezi uliopita aliulizwa achague zawadi ya kuagwa, redio au kiti cha uvivu. "Nifungieni mezani lile jiliwa tuliloliacha dukani," alisema. "Si langu. La atakayekuja." Ndugu Theodory, kwa uungwana wake, alilitafuta hadi akalipata Mikumi, katika gereji ya barabarani, likibana mabomba ya moshi ya malori. Alilipakata ndani ya basi njia nzima. Jumatano likafungwa mezani.

Mzee Mkude alisimama mbele yake, akazigeuza taya kulia na kushoto, akatabasamu. Kisha magoti yakakataa. Tukamletea kigoda, na alipoketi, jiliwa lilikuwa usawa wa paji la uso wake.

"Sasa nani atasimama hapa?" aliuliza.

 

Mzee Mkude, ahsante kwa kila gurudumu linalozunguka wilayani humu. Mola akupe wepesi wa magoti, usujudu bila maumivu, na siku zako zilizobaki azijaze utulivu. Jiliwa tutalifuta vumbi kila Ijumaa. Taya zake tumeziacha wazi, kama ulivyoziacha.