Saini Niliyowafundisha Akina Mama wa Kambi

Bamama na batata, akina mama na akina baba, nimeomba kusema kwa sababu nimekasirika. Tangu asubuhi nawasikia walimu wa kisomo wa kikundi chetu wakisimama hapa kujisifu: "Wangu kumi na watano wameshajua kusaini." Mnapiga makofi. Na mimi nilipigiwa makofi hayohayo, hapa Kolwezi, siku za Zaïre, na nataka mjue akina mama walipoteza nini.

Nilikuwa kijana mwenye miaka minne ya sekondari, karani wa stoo asubuhi, na alasiri nikifundisha watu wazima katika ukumbi wa kambi ya wafanyakazi. Wanafunzi wangu walikuwa wake wa wachimbaji na wajane wachache. Wote walilima mahindi na mihogo pembeni ya mji, upande wa Mutoshi. Mimi nilikuwa na suti mpya ya abacost na hamu ya kuwa mkuu wa kituo cha kisomo. Inspekta wa elimu alikuwa ametuambia wazi: mwalimu mzuri ni yule ambaye daftari lake la mahudhurio halina alama za vidole.

Basi nikawafundisha kuchora majina. Nasema kuchora, ndugu zangu. Kila mama nilimwandikia jina lake kwenye kipande cha katoni, akalifuata kwa penseli mpaka mkono ukalizoea. Siku moja nilifunika nusu ya jina la mama mmoja kwa kiganja, nikamwuliza hizi zilizobaki ni herufi gani. Akacheka. "Tata, toa mukono, unaficha jina yangu!" Nilijua siku hiyo kwamba hajui kusoma. Nikatoa mkono, nikaendelea na darasa.

Kulikuwa na mjane mmoja asiyeogopa kusema. "Jina yangu mi naijua tangu nilizaliwa," aliniambia mbele ya wote. "Fundisha bitu bile sijue." Nikamwambia anyamaze, anawachelewesha wenzake. Darasa likamcheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Inspekta akaja. Akina mama ishirini na watatu wakasaini mmoja mmoja, ngoma zikapigwa, na mimi nikatia saini yangu kwenye vyeti vilivyosema kwamba wanajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Uongo mara ishirini na tatu.

Wiki chache baadaye, ofisi moja iliyoshughulika na ardhi ikaleta karatasi. Lundo la mawe ya machimbo lilikuwa linapanuka, mashamba yale yangefunikwa, na kila mama angepewa shamba jingine, la ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi. Sasa sikilizeni vizuri. Desturi kwetu ilikuwa hivi: anayetia kidole husomewa karatasi kwa sauti, kwa lugha yake, mbele ya mashahidi wawili. Anayesaini hasomewi. Asomewe ya nini, si anajua kusoma?

Ajenti wa ofisi ile akaniita nisimame karibu na meza. "Citoyen mwalimu, njoo ujionee kazi yako." Citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoitana siku zile. Karatasi zilikuwa za Kifaransa. Kifaransa nilikijua. Zilipita mikononi mwangu, ndugu zangu, na sikuzisoma! Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vya wanafunzi wangu, jinsi kalamu ilivyotembea vizuri juu ya mstari. "Saini, mama, waonyeshe," ndivyo nilivyokuwa nikisema. Wakasaini ishirini na wawili.

Mjane akafika mezani, akasukuma kalamu kando. "Mi natia kidole."

Watu wakacheka. Ajenti akakunja uso. "Citoyenne, unamuaibisha mwalimu wako. Uko na cheti."

"Cheti muchukue. Mwenye kidole banamusomea. Mwenye kusaini habamusomee. Soma, tata."

Akasoma, haraka na kwa hasira: shamba, urefu mita thelathini, upana ishirini.

"Thelathini?" mjane akasema. "Mi niko na matuta makumi sita, na toka tuta moja mpaka ingine ni hatua yangu moja. Nusu ingine munaipeleka wapi?"

"Hatua si mita, mama."

"Basi leta ile mita yako, twende."

Hakuna aliyekwenda. Mwanamke niliyemnyamazisha alikuwa akihesabu shamba lake kila msimu, na sikuwahi kumwuliza anahesabuje.

Wengine wakaanza kupiga kelele, warudishiwe karatasi zao. Ajenti akavitandaza mezani vyeti walivyokuja navyo. "Wanajua kusoma na kuhesabu, saini ya mwalimu hii hapa. Mwalimu, ni uongo?"

Nikakaa kimya. Hapo ndipo nilipoanguka. Pombe ilikuja baadaye: msimu mzima wa mvua nilikunywa lutuku, na ukumbi ukafungwa.

Aliyekuja kunigongea mlango ni mjane yuleyule, na wenzake nyuma yake. Sikutaka kufungua.

"Fungua, tata. Kukupiga, tutakupiga kisha. Kwanza utufundishe kusoma hii."

Alishika nakala ya karatasi ile. Ikawa kitabu chetu kiangazi kizima. Herufi tulizitoa humo, na maneno ya Kifaransa humohumo: shamba, urefu, upana. Tukafunga kamba yenye fundo kila mita, tukaenda kupima mashamba yao ya zamani. Mama mmoja akishika mwanzo, wa pili akihesabu mafundo, wa tatu akiandika. Nilipokosea kuzidisha ubaoni, walinisahihisha kwa matuta.

Kisha tukaenda ofisini. Kila mmoja alisoma mwenyewe vipimo vya karatasi yake mbele ya mkubwa, na mimi nikasema kwa sauti kwamba vyeti vyangu vilikuwa vya uongo. Nilifukuzwa kituoni siku hiyohiyo, na ilikuwa haki. Mjane, na tisa kati ya waliosaini, wakapewa ukubwa wao kamili. Mashamba kumi na matatu mawe yalikuwa yameshayafunika wakati mimi nakunywa. "Tutapima nini hapo?" ndivyo walivyojibiwa. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa ofisi ile na kwangu mimi.

Namshukuru mjane yule, apumzike kwa amani. Nawashukuru na wale kumi na watatu, maana walirudi kusoma hata baada ya kukosa. Ninyi walimu, achaneni na kuhesabu saini. Waambieni watu walete karatasi zilizo nyumbani kwao, za hospitali, za umeme. Waulizeni wanavyohesabu kabla hamjawafundisha. Na asiyejua kusoma, mfundisheni kwanza kusema: nisomee.

Mmoja wa wale kumi na watatu tulisali naye kanisa moja miaka mingi. Alijua kusoma kuliko wote, ndiye aliyesoma masomo ya Jumapili. Nilimwomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu akanishika mkono.

"Musamaha nilikupa zamani, tata," akasema. "Shamba ndiyo sikupata."